Zamu Mbili kwa Siku: Kumtunza Paka Aliyeshikwa na Kisukari

Katika kila kambi ya askari, na katika kila mstari wa nyumba za polisi, hapakosi paka. Yeye hakuandikishwa na mtu wala hapokei mshahara, lakini hulinda magunia ya unga na maharage usiku kucha, na panya wamjua. Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Kila mama aliyepata kukuta gunia lake limetobolewa katikati ya mwezi ayaelewa maneno hayo bila ya kufasiriwa. Kwa hiyo paka auguapo, jambo hilo si la watoto peke yao. Ni jambo la nyumba nzima.

Juma hili ukurasa huu waeleza ugonjwa ambao wengi hudhani ni wa binadamu tu, nao ni kisukari. Paka pia huupata. Habari iliyo njema ni kwamba paka mwenye kisukari aweza kutunzwa nyumbani na kuishi miaka kadhaa kwa raha. Habari iliyo nzito ni kwamba dawa yake kubwa, insulini, hutakiwa mara mbili kila siku, na dawa hiyo hiyo iokoayo huweza kuua ikiwa watu wawili wa nyumba moja watamdunga kila mmoja bila ya habari ya mwenziwe.

DALILI ZILIVYOONEKANA

Mfano wa nyumba moja utarahisisha maelezo. Na afikiriwe koplo mmoja wa jeshi nchini Uganda, akaaye kambini pamoja na mkewe, mama yake mzee na watoto wawili. Wana paka dume wa rangi ya majivu, mwenye umri wa miaka 10, aliyehasiwa tangu ujana wake. Kwa miaka mingi paka huyo alikula kilichobaki sufuriani: posho, wali, mkate uliochovywa katika maziwa, na kichwa cha samaki siku ya mshahara. Alinenepa hata akawa haruki tena juu ya magunia, na majirani wakasema nyumba ile ina neema.

Kisha akaanza kukonda. La ajabu ni kwamba alikonda huku akila zaidi kuliko zamani. Alimaliza bakuli la maji asubuhi, akalimaliza tena jioni, na mara nyingine alikutwa akinywa katika beseni la kufulia. Mchanga wa sanduku lake ulilowa kila siku. Manyoya yalipoteza mng'ao, na miguu ya nyuma ikalegea, akawa akikanyaga kwa kisigino badala ya kutembea kwa vidole kama ilivyo desturi ya paka.

Bibi wa nyumba hiyo ndiye aliyeng'amua kwanza. Aliona sisimizi wamejipanga kuelekea mahali paka alipokojoa, akamwita mkaza mwanawe.

"Mwanangu, njoo utazame," alisema. "Sisimizi hawafuati maji matupu. Huyu ana sukari."

Bibi hakukosea, lakini sisimizi si daktari. Ugonjwa wa figo, na ugonjwa wa tezi ya shingoni, nao huweza kumkondesha paka na kumtia kiu. Ndiyo maana mnyama mwenye dalili hizo hana budi kupelekwa kwa daktari wa mifugo kabla ya kupewa dawa yoyote.

Daktari alipima damu na mkojo. Alieleza kwamba sukari ya damu iliyopimwa mara moja haitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa paka aliyetiwa kikapuni, akapakiwa juu ya pikipiki na kushikwa na mtu asiyemjua, sukari yake hupanda kwa hofu tu. Kwa hiyo hutazamwa pia sukari ya mkojo, na inapowezekana hupimwa fruktosamini, kitu kilichomo katika damu ambacho huonyesha hali ya sukari kwa siku nyingi zilizopita wala si kwa saa ile peke yake. Vipimo vyote vilikubaliana. Paka alikuwa na kisukari.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya tumbo, karibu na mfuko wa chakula, kipo kiungo kiitwacho kongosho. Mojawapo ya kazi zake ni kutoa insulini, ambayo ni mfano wa ufunguo: huufungua mwili ili sukari itoke katika damu na kuingia ndani ya nyama, ikazitie nguvu. Kwa paka wengi wenye ugonjwa huu kufuli huwa zito kufunguka, hasa kwa sababu ya unene, na kongosho lililofanya kazi kupita kiasi huchoka na kushindwa. Sukari hujaa katika damu huku mwili ukiona njaa. Figo haziwezi kuizuia yote, nayo humwagika katika mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mnyama hunywa sana, hukojoa sana, hula sana, na bado hukonda.

Walio katika hatari zaidi ni paka wa makamo na wazee, madume waliohasiwa, wanene, wale wakaao ndani bila ya kukimbia wala kuwinda, na wale waliotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi. Ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto amshikaye paka mwenye kisukari hapati kisukari, wala hakuna haja ya kutenga vyombo kwa sababu hiyo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba insulini ilijulikana kwa msaada wa wanyama. Mwaka 1921, mjini Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliwatibu mbwa walioondolewa kongosho kwa maji yaliyotokana na kongosho za wanyama wengine. Mwezi Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Kwa miaka mingi baadaye insulini ya watu ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Basi akitokea mtu wa kucheka kwamba mnyama apewa dawa ya watu, na ajibiwe kwamba watu waliipata dawa hiyo kwa njia ya wanyama.

MASHAURI YA MUME NA MKE

Daktari hakuwaficha neno. Alisema kwamba njia za haki ni mbili. Ya kwanza ni tiba, yenye gharama ya dawa, mabomba ya sindano na kumrudisha mnyama apimwe mara kwa mara, hasa katika miezi ya mwanzo. Ya pili, ikiwa nyumba haina uwezo, ni kumlaza mnyama kwa sindano ya daktari, asiendelee kuteseka. Kumwacha afe kwa kiu, au kumtupa sokoni usiku, si njia.

Jioni ile koplo na mkewe walikaa kitako.

"Mama watoto," alisema koplo, "mshahara ni ule ule, na ada ya shule yaja. Tutalipa kipi kwanza?"

"Ada kwanza, Baba watoto, hilo halina mjadala," alijibu mkewe. "Ila na tusimwanze kisha tukamwacha katikati. Ama tumtibu kweli, ama tumwage kwa heshima. Huyu ametulindia unga miaka kumi."

Walihesabu kila kitu kwa kalamu. Koplo alikata bia zake za kantini, mama akapunguza sukari ya chai, na hesabu ikatosha kwa shida. Nyumba nyingine ingehesabu na kuona haitoshi, nayo isingekuwa na aibu. Aibu ni kuanza bila ya kuhesabu, kwa maana dawa ya leo na kukosa kesho humrudisha mgonjwa pale pale, au pabaya zaidi.

Jirani mmoja, mke wa sajini, ambaye naye ana kisukari, alikuja na moyo mwema. Alitaka kuwagawia chupa yake ya insulini ili wapunguze gharama. Daktari alipoulizwa alikataa, akatoa sababu mbili. Kwanza, dawa ya mgonjwa ni uhai wa mgonjwa, wala haigawanywi. Pili, insulini hazina nguvu moja. Insulini nyingi za wanyama zina uniti 40 katika kila mililita moja, na za watu aghalabu zina uniti 100. Kila moja ina bomba lake lenye mistari yake. Mtu atoaye insulini ya uniti 100 kwa bomba la uniti 40 humtia mnyama dozi mara mbili na nusu ya ile iliyoagizwa. Kwa kiumbe ambaye tiba yake huanza mara nyingi kwa uniti 1 tu, kosa hilo si dogo.

Katika Marekani zimeidhinishwa pia dawa za paka za kumezwa, bexagliflozini mwaka 2022 na velagliflozini mwaka 2023. Huko haziagizwi kwa paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini, na zataka uangalizi mkali, kwa kuwa zaweza kuleta sumu ya ketoni mwilini hata sukari ikionekana njema. Daktari ndiye wa kuamua ipi yafaa, na kwa paka wa koplo aliamua insulini.

SINDANO NA SAA YAKE

Paka yule aliagizwa uniti 1 kila baada ya saa 12. Familia ilichagua saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, kwa kuwa saa hizo huwa yupo mtu nyumbani. Kwanza paka hupewa chakula chake. Akila vizuri, hudungwa. Akikataa kula, au akitapika, hadungwi dozi kamili kwa mazoea tu. Daktari huulizwa kwanza.

Sindano yenyewe si jambo la kuogofya, kwa maana ni nyembamba sana. Mama huinua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili, ikawa kama hema dogo, akaingiza sindano katika msingi wa hema hilo na kusukuma dawa polepole. Paka anayekula tonge la nyama mara nyingi hata hageuki. Mahali pa kudunga hubadilishwa siku kwa siku. Ikiwa paka ameruka na haijulikani kama dawa imeingia au imemwagika juu ya manyoya, sindano hairudiwi. Husubiriwa zamu ya pili.

Kila chupa ina amri yake iliyoandikwa na watengenezaji. Zipo insulini za kutikiswa, zipo za kubiringishwa taratibu viganjani, na zipo zilizo safi kama maji zisizotaka kuchanganywa. Amri hiyo husomwa na kufuatwa. Bomba moja hutumika mara moja tu, kisha hutiwa ndani ya kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, na kopo likijaa hurudishwa kliniki. Sindano zilizotumika hazitupwi katika shimo la taka la kambi, ambamo watoto hutafuta vizibo na mipira.

Insulini hutunzwa katika jokofu, kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa kuwa iliyoganda haifai tena. Umeme ukatikapo, chupa huwekwa ndani ya kikopo kikavu, na kikopo ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, uliotokana na hali ya joto katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Insulini za watu zilizochunguzwa zilidumisha nguvu zake kwa majuma 4 katika joto la kupanda na kushuka baina ya digrii 25 na 37. Matokeo hayo yalihusu dawa za watu. Kwa chupa ya paka iliyopata joto, daktari na aulizwe kabla haijatumiwa.

CHAKULA

Paka ni mla nyama kwa asili yake. Posho, wali, mkate na viazi ni wanga, na wanga huongeza sukari ambayo mwili wa mgonjwa umeshindwa kuitumia. Chakula kimfaacho ni chenye protini nyingi na wanga kidogo. Kipo cha makopo kilichotengenezwa kwa paka wenye kisukari, lakini bei yake si ya kila mtu. Nyumba ya koplo ilishauriwa kutumia nyama, samaki na mayai yaliyopikwa bila ya chumvi, vitunguu wala viungo, na kuongeza chokaa na virutubisho kwa kipimo cha daktari, kwa sababu nyama tupu haitoshi kumjenga paka kwa siku nyingi. Vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwake, hata vikiwa vimepikwa. Maji safi hayapunguzwi kamwe kwa nia ya kupunguza mkojo.

Lipo onyo moja. Chakula hakibadilishwi ghafla bila ya kumwarifu daktari. Wanga ukiondolewa, sukari hushuka, na ile dozi iliyofaa jana huweza kuwa kubwa mno leo.

ASUBUHI YA KOSA

Majuma matatu yalipita vizuri. Kiu ilipungua, na paka akaanza kujilamba manyoya tena. Kisha ikafika Jumamosi moja. Mama alimlisha paka, akamdunga saa 1 asubuhi kama ilivyo desturi, akaondoka haraka kwenda kuchota maji kabla ya foleni. Chupa aliiacha mezani. Nusu saa baadaye koplo alirudi kutoka katika lindo la usiku, macho mekundu kwa usingizi. Aliiona chupa, akamwona paka, akasema moyoni kwamba mkewe amesahau. Akamdunga, akairudisha chupa jokofuni, akalala.

Ilipofika saa 4 paka aliamka akiyumba kama mlevi. Alilia kwa njaa, akaanguka, na mwili ukaanza kutetemeka. Bibi na binti wa darasa la sita ndio waliokuwa macho. Binti alikumbuka maneno ya daktari. Alichukua asali kwa ncha ya kidole, akaisugua juu ya ufizi, kidogo kidogo, wala hakummiminia kitu mdomoni, kwa kuwa mnyama asiyejiweza huvuta kinywaji mapafuni akafa kwa kukabwa. Bibi alimwamsha mwanawe kwa sauti ambayo koplo hakuisikia tangu utoto wake.

Baada ya dakika chache paka aliinua kichwa. Alipewa chakula, akala. Hata hivyo hawakusema kwamba amepona. Asali huisha upesi, nayo insulini bado inafanya kazi. Walimpeleka kwa daktari papo hapo, sukari yake ikapimwa tena na tena hadi jioni. Aliponea chupuchupu. Sindano ya jioni ile haikutolewa, wala iliyofuata, mpaka daktari alipotoa amri mpya.

Usiku mume na mke walitazamana.

"Nilikuta chupa mezani," alisema koplo. "Nikadhani hujamdunga."

"Nami nilidhani ukirudi utalala moja kwa moja, Baba watoto. Kosa ni la chupa iliyobaki mezani, na mimi ndiye niliyeiacha."

"Sivyo," alijibu mumewe. "Kosa ni la zamu isiyokabidhiwa. Kule lindoni siwezi kuondoka kabla sijaandika kitabuni na mwenzangu kutia saini. Hapa nyumbani tumeweka silaha ndani ya chupa, na hatuna kitabu."

DAFTARI

Siku iliyofuata lilinunuliwa daftari la shule. Koplo alilipiga mistari kama kile kitabu cha matukio kikaacho kituoni: tarehe, saa, alichokula, uniti alizodungwa, saini, na safu ya mwisho ya mambo yaliyoonekana. Daftari na chupa hukaa mahali pamoja, na saini hutiwa kabla chupa haijarudishwa jokofuni. Kila juma huandikwa pia uzito wa paka na wingi wa maji aliyokunywa.

Tangu hapo hakuna adungaye kwa kukisia. Penye saini, hapana wa kudunga tena. Pasipo saini, wenzi huulizana kwanza. Jibu lisipopatikana, sindano ya saa ile huachwa. Hili ndilo neno la kukumbukwa kuliko yote katika makala haya: sindano moja iliyokosekana humpandisha paka sukari kwa nusu siku, naye aghalabu haidhuriki, sindano moja iliyozidi yaweza kumwua kabla ya adhuhuri.

Daktari naye alilifurahia daftari. Kwa kutazama kurasa zake aliweza kujua ni lini kiu ilipungua, ni siku zipi chakula kilibadilika, na kama dozi yahitaji kupandishwa au kushushwa. Mwenye paka hapandishi dozi kwa hiari yake. Wapo wapimao sukari nyumbani kwa tone la damu la ukingo wa sikio, na jambo hilo ni jema likifundishwa vizuri. Lakini mashine za watu mara nyingi huonyesha namba iliyo chini kidogo ya hali halisi ya damu ya paka, kwa hiyo namba hizo husomwa pamoja na daktari.

YA KUKATWA NA KUBANDIKWA UKUTANI

1. Chakula kwanza, kisha sindano, kisha saini, kisha chupa jokofuni.

2. Dozi ni ile ya daktari, kwa bomba lilingana na chupa.

3. Penye shaka kama amedungwa au hakudungwa, asidungwe.

4. Akiyumba, akilegea, akitetemeka au akipoteza fahamu, sukari imeshuka. Kama aweza kumeza, apewe chakula. Kama hawezi, apakwe asali au sukari iliyokorogwa kwa maji kidogo juu ya ufizi. Kisha apelekwe kwa daktari hata akionekana amepona.

5. Akikataa chakula, akitapika, akizubaa, au pumzi yake ikinuka harufu ya ajabu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, huenda ni sumu ya ketoni. Hilo halingojei kesho.

6. Sindano zilizotumika ziende katika kopo gumu, mbali na watoto.

MIEZI ILIYOFUATA

Baadhi ya paka waliotibiwa mapema, wakapata chakula cha wanga kidogo na kupunguza unene kwa taratibu, kongosho lao hupata nafuu, na daktari huweza kuwaondolea insulini kabisa. Hilo likitokea, mnyama huendelea kutazamwa, kwa kuwa ugonjwa waweza kurudi. Wengine hudungwa maisha yao yote. Yoyote yatakayokuwa, hayaji kwa bahati tu. Huletwa na saa iliyoshikwa na kipimo kilichoheshimiwa, siku ambayo mtu ana furaha na siku ambayo amechoka.

Paka wa koplo hakuondolewa insulini. Lakini alirudisha uzito wake, akatembea tena kwa vidole, na usiku mmoja akapanda juu ya magunia, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili. Asubuhi yake palikutwa panya mlangoni.

Kisha koplo akapata amri ya kwenda kazi ya miezi 6 mbali na nyumbani. Usiku wa kuondoka alifunga begi lake, akapiga viatu vyake rangi, akamwita binti yake. Walifungua daftari pamoja. Alimwonyesha mistari ya bomba chini ya taa, akamfanya ahesabu mara tatu, akamwambia kwamba mama yake ndiye mkuu wa zamu na yeye ni msaidizi, na kwamba msaidizi hana ruhusa ya kukisia.

"Na nikisahau, Baba?"

"Ukisahau, usilipe deni kwa sindano mbili. Andika kwamba umesahau, utie saini. Askari huandika na kosa lake pia."

Gari lilimchukua alfajiri. Saa 1 asubuhi paka alikula, akadungwa uniti zake, na katika safu ya saini palikuwa na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, na kando yake saini ya mama yake.